Nimeambiwa hempu si bangi, na wanataka shamba langu la Nachingwea: nisaini?

"Mwanangu wakili, habari za kazi. Mimi ni mjane, nakaa Nachingwea. Marehemu mume wangu alituachia mimi na watoto wanne shamba la mikorosho la ekari 14. Mikorosho mingi imezeeka na ugonjwa wa ubwiriunga umeishinda. Mwezi uliopita mpwa wangu kaniletea bwana mmoja wa kampuni, wanataka kukodi ekari 10 kwa miaka mitano walime hempu ya dawa ya kupeleka nje. Anasema hempu si bangi, Umoja wa Mataifa umeshaitoa kwenye orodha ya dawa za kulevya, Malawi na Rwanda wanalima, na kwetu kibali kipo njiani. Kanionyesha cheti cha BRELA na leseni ya Malawi. Kila ekari atanilipa milioni 12 kwa mwaka. Mimi nitoe milioni mbili na laki nne za usajili na mbegu, na laki nane nimeshamtumia mpwa wangu kwa simu. Mbegu zinakuja kabla mvua hazijaanza. Mkataba unasema mwenye shamba hatahusika na kesi yoyote. Nisaini? Na nisiposaini, hela yangu naipataje, na huyu mpwa wangu nimfanyeje?"

Shikamoo mama, na pole kwa msiba na kwa mzigo wa kulitunza shamba peke yako. Nianze na jibu lenyewe, maana mvua haziko mbali. Usisaini. Usitume shilingi nyingine. Na mbegu zikiletwa nyumbani, usizipokee wala usiruhusu zishushwe, hata kwa maneno ya "zikae tu hapa stoo kwa siku mbili". Mengine yote hapa chini ni maelezo ya kwa nini nasema hivyo, kwa sababu najua mpwa wako atakuja na hoja zake na wewe unahitaji za kumjibu.

Aliyekuletea maneno haya hakukudanganya kila kitu, na ndiyo maana yanaingia akilini. Ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba 2020, kule Vienna, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura kuhusu bangi. Nchi 27 zilikubali, 25 zikakataa, moja haikuegemea upande wowote. Kilichoamuliwa, kufuatia ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ni kuiondoa bangi kwenye Jedwali la IV la Mkataba wa mwaka 1961, yaani fungu la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari mno na zenye faida ndogo sana ya tiba. Lakini ilibaki kwenye Jedwali la I, pamoja na afyuni na morfini. Morfini wanapewa wagonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road kila siku, na hakuna anayesema kwamba kwa hiyo ni halali kupanda afyuni Nachingwea. Kukubali kwamba mmea una dawa ndani yake hakumpi mtu ruhusa ya kuulima.

Ruhusa inatoka mahali pengine kabisa, na hapa ndipo ningependa utulie kidogo mama, kwa sababu ukilielewa jambo hili hakuna dalali atakayekuyumbisha tena. Mkataba ule wa 1961 unasema nchi ikitaka kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa, lazima iwe na chombo cha serikali kinachotoa leseni kwa mkulima mmoja mmoja na kinachotaja shamba gani litalimwa. Kila nchi hutoa makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna. Kila mzigo unaopelekwa nje ya nchi unahitaji kibali cha nchi inayouza na kibali cha nchi inayonunua, na vyote viwili viwepo kabla mzigo haujaondoka. Kwa hiyo bangi halali haipo bila serikali ya nchi husika kusimama katikati. Leseni ya Malawi ni ruhusa ya Malawi, kwa ardhi ya Malawi. Ikivuka Ziwa Nyasa ni karatasi tu.

Na nchi za jirani zimefungua milango kweli. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, ikiwa ya kwanza Afrika. Zimbabwe ikafuata 2018. Bunge la Malawi lilipitisha sheria yake Februari 2020, Rwanda ikaweka utaratibu wa kulima kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2021, na mwaka huo huo Zambia ikatunga sheria zake. Afrika Kusini mwaka 2024 ilitunga sheria ya kumruhusu mtu mzima kutumia na kupanda kwa matumizi yake binafsi, ila kuuza bado ni kosa. Ukienda upande wa pili, ukavuka Ruvuma kwenye daraja la Mtambaswala, Msumbiji bado inakataza. Kila nchi imechukua njia yake. Kusema "Afrika inaruhusu" ni kama kusema Afrika ina sheria moja ya mirathi.

Hapa kwetu inatumika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyokazwa zaidi kwa marekebisho ya 2017. Kulima bangi ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Kwa biashara ya kiasi kikubwa kifungo kinafika cha maisha. Sheria hiyo haimwangalii tu aliyeshika jembe. Inamgusa anayefadhili, anayesaidia, na mwenye ardhi anayejua kinacholimwa kwenye ardhi yake na akaacha. Masuala ya tiba na utafiti yako mikononi mwa Serikali yenyewe, na hakuna utaratibu wa leseni ya kilimo cha biashara ambao mkulima wa kijijini anaweza kwenda kuuomba. DCEA, mamlaka inayosimamia sheria hii, imekuwa ikiteketeza mashamba Arumeru, Tarime na Morogoro. Walioonekana wakipelekwa mahakamani mara nyingi ni watu wa kijijini. Matajiri waliokuja na gari na kuondoka ni nadra kuwaona kizimbani.

Sasa hempu. Ni mmea ule ule wa bangi, wenye kiasi kidogo cha THC, kile kinacholevya. Marekani mwaka 2018 ilitenga hempu kisheria kwa kuweka mpaka wa asilimia 0.3 ya THC kwenye mmea uliokaushwa. Mkataba wa kimataifa nao unaacha nafasi ya bangi inayolimwa kwa nyuzi na mbegu za viwandani. Kwa hiyo tofauti hiyo ipo duniani, bwana yule hakuitunga. Tatizo ni kwamba sheria yetu inautaja mmea, na haina kipengele kinachosema ukiwa na THC kidogo basi si bangi. Polisi akifika shambani hatapima asilimia. Na kwa macho wala kwa harufu, hata mkulima mzoefu hawezi kutofautisha, inahitaji maabara. Hata huko Marekani kwenyewe wapo wakulima walionunua mbegu za hempu kwa nia safi, mazao yakapimwa yakakutwa yamevuka kiwango, wakaamriwa kuyateketeza. Hao walikuwa na leseni. Wewe huna.

Kuhusu cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hicho kinasema kampuni imesajiliwa, kwamba ipo kama mtu wa kisheria. Hakisemi inaruhusiwa kufanya nini shambani. Duka la dawa lina usajili wa BRELA na bado haliwezi kufunguliwa bila kibali cha mamlaka nyingine. Ukiona mtu anatanguliza cheti cha BRELA kama jibu la swali "mna kibali cha kulima?", ujue hana jibu.

Na kile kifungu cha mkataba kinachosema mwenye shamba hatahusika na kesi yoyote, mama, ndicho kilichonishtua kuliko vyote. Hakuna watu wawili wanaoweza kukaa mezani na kukubaliana nani ashtakiwe na nani asishtakiwe. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 23, inasema makubaliano yenye lengo lisilo halali ni batili. Maana yake mkataba huo haukulindi hata chembe, na wakikataa kukulipa kodi ya shamba huwezi kwenda nao mahakamani kudai. Mbaya zaidi, karatasi hiyo yenye saini yako itakuwa ushahidi kwamba ulijua kuna uwezekano wa kesi. Mtu anayekodi shamba la kulima ufuta haandiki kifungu cha namna hiyo.

Nisogee kwenye hela, maana milioni 12 kwa ekari ni maneno matamu kwa mtu ambaye mikorosho yake imekonda. Ekari 10 ni milioni 120 kwa mwaka, na hiyo ni kodi tu. Mtu mwenye uwezo wa kukulipa milioni 120 kila mwaka anashindwaje kununua mbegu zake mwenyewe, mpaka akuombe wewe mjane milioni mbili na laki nne? Sijawahi kuona mpangaji anayelipwa na mwenye nyumba ili aingie.

Biashara yenyewe, hata pale ilipo halali, imewaumiza wenye mitaji mikubwa kuliko kampuni yoyote itakayofika Nachingwea. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018. Mwaka huo hisa za kampuni iitwayo Tilray, zilizoanza kuuzwa Julai kwa dola 17, zilifika dola 300 Septemba, kisha zikaporomoka. Canopy Growth ilipewa dola bilioni 5 za Kanada na kampuni kubwa ya vileo. Ikajenga, ikanunua huku na kule, ikanunua hata kampuni Lesotho. Mwaka 2020 ikaondoka Lesotho na Afrika Kusini, na huko kwao Kanada ikafunga mabanda makubwa ya kilimo kwa sababu waliolima walikuwa wengi kuliko walionunua. Wakulima wa hempu Marekani walipanda kwa pupa mwaka 2019, bei ikaanguka, wengi wakabaki na mazao ghalani bila mteja. Ujerumani inanunua bangi ya dawa, na tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima huko anaruhusiwa kupanda miche mitatu nyumbani. Lakini mnunuzi wa Ulaya anataka maua yaliyokuzwa, kukaushwa na kufungashwa kwa viwango vya kiwanda cha dawa, yenye vipimo vya maabara kwa kila fungu, kutoka eneo lenye uzio na ulinzi. Mwenye faida hapo ni mwenye kiwanda na maabara. Mwenye udongo anapata kilichobaki, kama kipo. Na hata Malawi, yenye sheria yake, anayetaka kulima hutakiwa kuwa na leseni kabla hajatia mbegu ardhini.

Watu wa Nachingwea wanalijua jambo hili kuliko wengi. Wazee waliokutangulia walishuhudia Waingereza wakija mwaka 1947 na matrekta na mpango wa karanga, wakajenga reli mpaka Mtwara na bandari ya maji marefu, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa baada ya kula pauni milioni 36. Serikali nzima ilipiga hesabu za zao kwenye karatasi kabla ya kuujua udongo na mvua za huku. Bandari ilitufaa baadaye. Karanga hazikumlipa mtu.

Kuna uwezekano mwingine, na mimi naona ndio mkubwa zaidi: kwamba hakuna mbegu wala kampuni, kuna "ada" tu. Ulaya kati ya 2020 na 2022 kulikuwa na mtandao ulioitwa JuicyFields. Uliwaambia watu wachangie kuanzia yuro 50, wamiliki miche ya bangi ya dawa inayolimwa na wengine, wapate faida ya asilimia 100 na zaidi kwa mwaka. Wa kwanza walilipwa kwa hela za waliofuata. Julai 2022 ukafungwa ghafla. Kwa taarifa ya Europol, watu wapatao 186,000 walituma fedha na hasara ilikadiriwa yuro milioni 645. Hao ni watu wenye benki mlangoni na intaneti mkononi. Sisi tulikuwa na DECI mwaka 2009, mchezo wa upatu, na lugha yake ilikuwa hii hii ya kupanda na kuvuna. Ukipima mambo yote mawili utaona kwamba hakuna upande wenye heri: mbegu zisipokuja umeibiwa, zikija umeingia kwenye kosa la jinai.

Nikuambie pia kwa haraka jambo ambalo hukuuliza. Hata kama wangetaka kulima ufuta, usingeweza kusaini peke yako. Shamba ni la marehemu na mna watoto wanne. Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kulikodisha kwa miaka mitano. Na kama ni ardhi ya kijiji, serikali ya kijiji lazima ihusishwe, na mgeni asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi hiyo. Anza taratibu za mirathi Mahakama ya Mwanzo hata kama hakuna mnunuzi wala mpangaji. Linda shamba hilo kwa ajili ya wanao.

Je, sheria yetu inaweza kubadilika siku moja? Inaweza. Ikibadilika hutaletewa habari na dalali usiku. Kutakuwa na muswada uliosomwa bungeni, sheria iliyosainiwa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na mamlaka iliyotajwa kwa jina inayotoa leseni kwa fomu na ada zinazolipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, si kwa simu ya mpwa. Siku hiyo ikifika niandikie tena, na nitakujibu kwa moyo mweupe, kwa sababu sipingi mkulima wa kusini kupata zao jipya. Ninachopinga ni yeye kutangulizwa mbele ya sheria ili wengine wapime maji kwa miguu yake.

Kwa sasa shamba lako halijafa. TARI Naliendele pale Mtwara ndiyo kitovu cha utafiti wa korosho nchini. Wanayo miche bora, na wanawafundisha wakulima kubebesha vikonyo kwenye mikorosho mikongwe iliyokatwa badala ya kung'oa yote. Uliza maofisa ugani wa wilaya na chama chako cha msingi chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha huko kwenu, kuhusu dawa ya salfa kabla msimu wa ubwiriunga haujaanza, maana ukichelewa kupuliza umepoteza maua. Ekari zilizo wazi zinaweza kukodishwa kwa ufuta au mbaazi, mkataba wa msimu mmoja mmoja, mbele ya mtendaji wa kijiji. Haitakupa milioni 12 kwa ekari, na mikorosho iliyobebeshwa itachukua miaka kabla haijakulipa vizuri. Nakuambia hivyo usije ukasema nilikupa tumaini jingine la uongo.

Laki nane sasa. Ukweli ni kwamba hela iliyokwisha tumwa kwa simu na kutolewa ni ngumu kurudi, lakini ngumu si sawa na haiwezekani. Una nafasi nzuri kwa sababu hujasaini, hujapanda kitu, na uliambiwa kwamba ni halali. Kumchukulia mtu hela kwa maelezo ya uongo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na wewe ni mlalamikaji. Nafasi hiyo inapungua kila siku unayokaa kimya, na inaisha kabisa siku mbegu zitakapoingia stoo yako. Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe kumbukumbu ya muamala. Toa nakala ya mkataba, usichane hata kama umekasirika. Andika jina alilojitambulisha nalo yule bwana, namba yake ya simu na ya gari kama uliiona. Hapo ndipo unahitaji mtu wa ana kwa ana, maana mimi kwa maandishi siwezi kuusoma mkataba wenyewe. Nenda kwa wakili yeyote Nachingwea, Lindi au Mtwara kabla ya kwenda polisi, ili maelezo yako yaandikwe vizuri tangu mwanzo. Kama huna hela ya wakili, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria. Huduma yao ni bure kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kama mbegu zimeshaletwa wakati unasoma haya, usizichome wala kuzifukia. Piga namba 119 ya DCEA, ni bure, na mwite wakili siku hiyo hiyo.

Kuhusu mpwa wako, usimpeleke polisi kama hatua ya kwanza, na pia usimfiche. Inawezekana kabisa naye ametapeliwa, ametoa hela zake na ameahidiwa kamisheni kwa kila shamba. Mwite mbele ya mtu mzima mwingine wa familia, msomee niliyoandika hapa kuhusu miaka 30, kisha muulize laki nane iko wapi na ni nani mwingine kijijini amechangishwa. Akija mwenyewe mapema na kueleza anachojua, wakili anaweza kumsaidia asimame kama shahidi. Akikamatwa baadaye na orodha ya mashamba mfukoni, itakuwa habari nyingine. Aje na simu yake kwa wakili, na asifute ujumbe hata mmoja.